Mapacha Wangu wa Mfuko wa Uzazi

Jumatatu, 4 Agosti 1952
Miezi sita sasa nakata senti hamsini kwenye mshahara wa kila mtu hapa kinu cha mafuta, na tajiri wetu, Bwana Mohamedali, anaongeza hamsini zake. Mfuko wa Uzazi! Mke akijifungua, baba anapumzika wiki mbili kwa mshahara kamili. Jambo la kheri kabisa. Ila mimi Zaidi, karani ninayeandika makato yote, mke wangu Mwajabu hana hata kichefuchefu. Nawalipia watoto wa watu! Dhuluma, tena naiandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumanne, 5 Agosti
Bartolomayo, fundi wa mashine, kaja kuuliza kama mfukoni kuna kitu. Mkewe yu karibu. Nikamjibu zimebaki fedha za mtu mmoja tu mpaka mwisho wa mwezi. Kamshukuru Mungu. Mapema mno.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata mapacha! Wamezaliwa Kolo, kwa wakwe zangu. Mbali, hakuna wa kwenda kuchungulia. Tajiri kanishika mkono, kauliza majina. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema Mohamedali. Na wa pili? Mohamedali pia. Kaguswa sana. Fedha ninazo.

Ijumaa, 8 Agosti
Likizo! Nimemwambia Mwajabu kinu kimeharibika. Kasema vizuri, basi nikachote maji. Safari nne. Kazini sijawahi kuchoka hivi.

Jumamosi, 9 Agosti
Balaa. Mama Dolatkhanu, mke wa tajiri, kaja mpaka kwangu Makole na mablanketi mawili na samli, nivipeleke Kolo. Kamkuta Mwajabu anatwanga. Mimi nyuma ya choo, nasikia kila neno.
“Mwanangu, umetoka Kolo lini? Na mapacha wako wapi?”
“Shikamoo mama. Mapacha wa nani?”
Kaondoka na samli yake. Mwajabu kaja chooni na mchi.

Jumapili, 10 Agosti
Mke wa Bartolomayo kajifungua binti usiku. Katoka damu nyingi, hawezi kuinuka. Bartolomayo kasimama mlangoni kwangu, wala hakupiga kelele.
“Zaidi, kesho nikienda kazini, nani atampa maji?”
Mwajabu ndiye aliyejibu. Kajitanda kanga, kachukua sufuria ya uji, kamfuata. Mimi hakuniaga.

Jumatatu, 11 Agosti
Tajiri kampa Bartolomayo wiki zake mbili kwa fedha zake mwenyewe. Mimi nitakatwa kila mwezi mpaka fedha za Mfuko zirudi. Ukarani nao kwaheri. Nabeba magunia ya karanga. Wapagazi wananiita Baba Mapacha.

Jumanne, 12 Agosti
Mgongo unawaka. Mpagazi mmoja kaniambia mtu akiumia kazini hulipwa fidia, ni sheria ya serikali. Fidia! Bila makato, bila mtoto, bila wakwe! Nimevua kiatu, nimekitazama kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Kusema kweli, sijawahi kukihitaji.