Kinundu Changu cha Mgongoni

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya tisa bila mke wangu. Yuko kwa kaka yake. Kosa ni langu: nilimwambia baba mkwe kwamba mimi ndiye msomaji wa hadubini pale hospitali. Naosha vioo vya hadubini. Mzee akaja kunisalimia kazini, akanikuta na beseni. Mke wangu akasema aibu ile haibebeki, akafunga mizigo. Nyumba kimya. Nimekula mkate mkavu nimesimama.

Jumanne, 4 Machi
Wazo! Nina kinundu mgongoni. Cha kahawia, kikavu, kimekaa juu ya ngozi kama nta iliyodondoka. Mwaka juzi daktari wa ngozi alisema ni mambo ya umri tu, hakina neno. Mke wangu hajui hilo. Nimemwandikia shemeji kwamba nina uvimbe mweusi, unakua, na dada yake asijue. Siri kwa shemeji ni maji kwenye pakacha.

Jumatano, 5 Machi
Amerudi asubuhi na mapema! Amelia. Amesema nisishike hata kijiko. Aibu ya beseni imesahaulika. Raha mustarehe! Ila macho yake yamevimba, na moyo umenichoma kidogo. Nimeongezewa mto.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Amenikokota hadi kwa daktari. Nilijitetea kwamba ugonjwa wangu hautaki kisu. Wapi! Ganzi, kisu, nyuzi mbili. Kinundu kikatiwa kwenye kichupa chenye jina langu, kikapelekwa maabara. Kwetu kazini! Mke wangu ameanza kufunga mpaka majibu yatoke. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Nikaomba chai.

Jumanne, 11 Machi
Daktari wa hadubini ameniita nijionee mwenyewe. Ngozi ya juu imenenepa, ndani yake vishimo vimejaa magamba, chembe hai zimepangana kwa adabu, na chini mpaka wake umenyooka, hakuna hata moja iliyouvuka. Kinundu kina tabia njema kunishinda! Nimemsihi acheleweshe majibu wiki mbili. Ameuliza kama nina akili timamu.

Jumatano, 12 Machi
Mke wangu alisoma majibu, akalia kwa furaha, akamkumbatia karani. Kisha akafika mstari wa mwisho: mgonjwa alichunguzwa mwaka juzi, akaelezwa kwamba kinundu hiki hakina madhara. Heri angenitukana. Alisema tu kwamba siku tano amefunga akimwombea mtu mzima wa afya. Akarudi kwa kaka yake. Nguo zake bado ziko kambani.

Ijumaa, 14 Machi
Najuta. Majuto ni mjukuu, na wangu amefika na kukaa. Nimemliza mwanamke mwema bure. Nimelitafakari kosa langu mchana kutwa, na hatimaye nimeliona: nilichagua ugonjwa unaokatika. Maumivu ya kiuno nani atayatia kwenye kichupa? Jioni nimepita mbele ya nyumba ya shemeji, polepole, nimeinama, mkono kiunoni. Nimepita mara tatu.