Majoka ya Shiundu Hayasomwi Tena Nyumba Hii

Jumatatu, 3 Machi
Nimekasirika hadi chai imepoa mkononi. Leo asubuhi, nikiwa stoo ya kiwanda cha magodoro, redio ya bawabu ilikuwa inamhoji Austine Shiundu, yule mwandishi wa vitabu vya majoka. Nikaomba sauti iongezwe. Huyu ni mtu wetu, wa kutoka Kimilili alikotoka baba yangu. Vitabu vyake sita nimemsomea mke wangu Nekesa kwa sauti, kila jioni nikitoka kazini, tangu macho yake yaanze kuingia ukungu. Cha saba binti yetu Khalayi ametuletea juzi.

Hakuzungumzia majoka. Alisema nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, huku Eastlands zibomolewe zote, kuanzia Shauri Moyo, maana waliobaki humo ni wale walioshindwa kutoka.

Nimezaliwa Shauri Moyo. Nina miaka hamsini na sita. Chumba ni kile kile alichopewa baba yangu akifanya kazi reli. Sikushindwa kutoka. Sijajaribu.

Nimetangaza nyumbani: herufi ya Shiundu haisomwi tena hapa. Nekesa akauliza kama Malkia Nanjala wa kitabu cha saba amefika pangoni. Nikasema malkia abaki huko huko njiani. Akasema yeye hajagombana na malkia.

Jumanne, 4 Machi
Nimerudi saa kumi na moja na nusu. Jackton kwenye kiti changu. Jirani wa mlango wa pili, karani mstaafu wa kanjo, mwenye ile sauti inayoombwa kila mara kutangaza matanga. Miwani puani, kitabu cha saba mkononi. Nekesa amefumba macho na anatabasamu. Tabasamu hilo nilidhani ni langu peke yangu.

Jackton anasoma na vitendo. Joka likinguruma, naye ananguruma. Akaniambia, "Shemeji, nasikia umegoma. Nimeshika zamu tu." Mimi si shemeji yake. Angekuwa ndugu yake Nekesa nisingekuwa na wasiwasi.

Nikaenda nyuma ya pazia kukata vitunguu. Kusikiliza si kusoma. Nimekata vitunguu vitano. Tunakula wawili. Malkia amefika pangoni, mlango unaanza kufunguka, na hapo ndipo Jackton akafunga kitabu eti koo limekauka. Nimelala na hasira mbili.

Jumatano, 5 Machi
Mpango. Pasipo kitabu, Jackton atasoma nini?

Nekesa hufunika kila kitabu kwa karatasi ya kaki, desturi aliyobaki nayo tangu Khalayi akiwa shule ya msingi. Rafu yetu yote ni kahawia. Alfajiri, bila kuwasha taa, nimechomoa kile kinene na kukipeleka Soko la Burma kwa Phares, muuza nyama. Nikamwambia afungie matumbo, na aanze na jina la mwandishi. Phares akakipima kwa mkono, akasema karatasi nzuri hii, akaniongezea mfupa wa supu. Nimefika kazini nikipiga mluzi. Bawabu akauliza kama nimepandishwa cheo.

Jioni. Jackton kwenye kiti changu. Kitabu cha saba mkononi mwake. Mlango wa pango umefunguka na mimi sikuwepo.

Nekesa anapapasa rafu. Anauliza nani ameona daftari la kwaya.

Alhamisi, 6 Machi
Daftari la kwaya ya akina mama. Nyimbo za miaka ishirini, kwa mkono wa Nekesa mwenyewe. Nimekimbia Burma saa ya chakula. Phares ameniambia kwa upole kwamba kurasa kumi na mbili zimeshakwenda na nyama. Zilizobaki nikazibeba kifuani kama mtoto.

Nilikuwa nimeandaa uongo kuhusu panya. Sikuutumia. Jackton alinitangulia, ameshika ukurasa aliouosha na kuupiga pasi. Alinunua matumbo nusu kilo akakuta mwandiko wa Nekesa.

Nekesa hakunifokea. Alisema nyimbo anazijua zote kwa kichwa, hilo halina shida. Ila kurasa hizo aliziandika akiona, na hajui kama ataandika tena. Kisha akauliza, "Baba Khalayi, Shiundu alikutukana wewe. Mimi nilikutukana lini?"

Nikapanga kurasa zilizobaki. Yote haya ni makosa ya Shiundu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeomba ruhusa ya kutoka kazini mapema. Nekesa anaimba, mimi naandika. Nyimbo kumi na mbili, pamoja na ile iliyorudi na harufu ya matumbo. Vidole vimekufa ganzi. Wimbo wa nane nikamwitikia, akasema bado naimba kama lango la gereji. Alikuwa anacheka.

Nikaomba kiti changu. Akasema kiti ni cha anayesoma. Nikakubali, lakini moyoni nikaweka sharti: nitashika kitabu, macho yatakuwa dirishani. Nikabuni. Joka likamfuata mtu mmoja mnene aliyetoka kuhojiwa redioni. Likammeza. Likamtema. Likammeza tena.

Baada ya nusu saa Nekesa akasema hajasikia ukurasa hata mmoja ukigeuzwa, na malkia amekufa mara mbili. "Macho ndiyo yana ukungu, si masikio." Nikaanza kuinuka. Akaniambia nikae, anataka kujua kama yule mnene atatemwa mara ya tatu.

Jumamosi, 8 Machi
Nekesa ameenda mazoezi ya kwaya na daftari lake. Nimekisoma cha saba chote, peke yangu, ili nijue vizuri ninachosusia. Malkia anaishi. Nimelia kidogo. Vitunguu.

Khalayi amepiga simu: cha nane kinatoka Desemba. Nimemwambia sitakigusa. Kisha nikakata kaki ya kukifunika, nisije nikaliona jina.

Jackton amesahau miwani yake dirishani kwetu. Bila miwani hakuna kunguruma. Iko ndani ya kifuko cha kahawia, na ninamjua mtu soko la Gikomba anayenunua miwani bila maswali. Nekesa naye ana yake katika kifuko cha kahawia, lakini safari hii nimeangalia. Karibu nina hakika.