Kuzinduliwa kwa Ndege Isiyo na Rubani, Rukanga, 1986

Mheshimiwa mgeni wa heshima, ambaye hakufika lakini kiti chake kipo. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi ya Usafiri wa Hewani wa Vilima na Nyanda. Machifu, manaibu wao, na manaibu wa hao manaibu. Wachungaji wa makanisa yote na wale wanaotarajia kuanzisha yao. Akina mama wa kwaya kutoka Mghange. Bwana Kitheka wa Voi, aliyetuletea soda za moto. Wananchi watukufu wa Rukanga. Na kwa unyenyekevu mkubwa, mimi mwenyewe, Mwenyekiti wenu Elijah Maghanga: hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Hatujambo, lakini kwa uchovu. Jua ni kali.)

Leo, katika uwanja huu wa ndege ambao mliufyeka wenyewe kwa mapanga, mkang'oa mashamba yenu ya pojo kwa hiari baada ya kuamriwa, ninazindua rasmi Mpango wa Ndege ya Otomatiki, yaani ndege inayojiendesha kwa kompyuta, bila rubani, bila mshahara, bila marupurupu, mpango ambao kamati ndogo ya kiufundi imethibitisha kwamba utaongeza efishensi kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi ya wajumbe.)

Mnakumbuka tulikotoka. Ndege yetu ndogo ya kupeleka wagonjwa Mombasa ilikuwa na watu watatu: Kapteni Thadeus, rubani wa pili, na fundi Danson. Bodi ikamwondoa Danson, na ndege ikaendelea kuruka, ingawa ilikuwa inakohoa. Bodi ikamwondoa rubani wa pili, ndege ikaruka. Ndipo mjumbe wetu mmoja, akisafiri kikazi kwenda harusini, akamwona Kapteni ameshika usukani kwa mkono mmoja huku mwingine unakula muhindi wa kuchoma, na Bodi ikajiuliza: je, huyu tunamlipa mikono miwili ya nini? (Kicheko. Kapteni Thadeus, aliyesimama nyuma na sare yake, hacheki.)

Wapo wenye midomo wanaouliza, na ndovu je? Kwa sababu ni kweli kwamba Kapteni, kabla ya kutua hapa, huzunguka chini-chini mpaka ndovu wakimbie kelele za injini na kuacha uwanja. Hiyo ni mbinu ya kizamani na inakula mafuta! Bodi imepitisha azimio kwamba ndovu wasivuke uwanja huu siku za kazi, na tangazo limebandikwa mtini kando ya njia yao, katika Kiingereza na Kiswahili. (Sauti: "Na Kidawida?") Kidawida kipo katika awamu ya pili.

(Mama mmoja anasimama, amemshika mkono binti mwenye mimba kubwa. "Mzee, mimi naitwa Peris. Huyu ni Elsie wangu. Mtoto wake wa kwanza alikwama, Kapteni ndiye akampeleka Mombasa, wakamfanyia operesheni, wakapona wote wawili. Sasa huyu wa pili amekaribia. Tutampeleka na nini?")

Mama Peris, swali lako ni zuri mno, na kwa heshima ya uzuri wake sitalijibu kiholela bali nitaliundia kamati, ambayo itakutana mara tu itakapopata viti, na wakati huohuo ninamwomba huyu binti yetu awe mzalendo, asiharakishe mambo. ("Mtoto hangoji kamati, mzee!") Askari, msaidieni mama kukaa.

Ndugu wananchi, siku za maneno zimekwisha! Semeni nami. Gharama! (Chini!) Uzembe! (Chini!) Ndege! (Chini!) Hapana, hapo semeni juu.

Nikimalizia, ninaishukuru Bodi kwa kunichagua, na ninajishukuru kwa kukubali. Ninawashukuru kwa dhati waundaji wa hii ndege isiyo na rubani, ambao tutaanza kuwatafuta pindi kamati itakapoafikiana wako nchi gani na kama wameshazaliwa. Na wewe Kapteni Thadeus, ahsante kwa kujitolea, kwa kuwa ile ndege yako kuukuu tuliiuza Ijumaa, na ndiyo iliyotupatia mahema haya, kipaza sauti hiki, na ng'ombe watatu mnaosikia harufu yao. Karibuni tule. Mama Peris, usiwe na kinyongo, wewe na Elsie mtapakuliwa wa kwanza.

(Hakuna makofi. Mama Peris amekwisha kumwinua binti yake na wanaondoka polepole kuelekea barabara ya Voi. Kapteni Thadeus anavua kofia, anambebea mama mzigo wake, na kuwafuata.)