Beji Iliyofanya Kazi Peke Yake

Jumatatu, 3 Machi

Kikao. Bosi kasoma vipimo vya beji, hizi tunazobana kifuani ili maabara ijue kila mtu kapata mionzi kiasi gani. Shemeji, kaka wa mke wangu: milisivati sifuri nukta moja. Mimi: sifuri tupu. Bosi akaguna, akanitazama weee! Nikamwelewa. Ananiona mvivu. Ni kweli, tukipiga mabomba picha za mionzi kutafuta nyufa kwenye viungo vya kulehemu, mimi hujibanza nyuma ya tangi la maji nikasinzia. Inamhusu nini? Ijumaa hii beji zinapelekwa maabara tena, na tarehe 14 anatangaza msimamizi wa usalama. Ofisi yenye feni! Kazi kuamrisha, basi. Mke wangu na mama mkwe nimeshawaambia cheo ni changu, na mama mkwe kashautangazia mtaa mzima. Kikienda kwa shemeji, uso wangu nitauweka wapi?

Jumanne, 4 Machi

Dawa yao nimeipata. Shemeji ana daftari la vipimo, analikumbatia utadhani hati ya kiwanja. Kaenda chooni, nikachungulia. Nusu mita kutoka kwenye chanzo cha mionzi: elfu moja kwa saa. Elfu moja ya mikro au ya mili, sikuangalia. Mikro, bila shaka. Mbwembwe za wasomi tu hizo! Picha nne za dakika mbili mbili: mikrosivati mia moja thelathini na tatu, yaani milisivati sifuri nukta moja na kitu. Nampita shemeji kidogo tu, kistaarabu. Nikaibana beji kwenye bomba, nusu mita ile ile, mionzi ikafunguliwa, mimi huyo nyuma ya tangi. Nimelala fofofo. Halafu wanasema kazi hii inataka elimu!

Jumatano, 12 Machi

Majibu ya maabara. Bosi kaniita, kanisomea karatasi. Milisivati mia moja thelathini na tatu! Kikomo ni ishirini kwa mwaka mzima. Kumbe daftari lilisema mili. Bosi akanieleza kwamba mili moja ni mikro elfu moja, kana kwamba nimemuuliza. Nikiri? Nina wazimu? Nikasema chanzo kilikwama nje ya kamera, lile sanduku kinamokaa, nikakirudisha mwenyewe, nikawaokoa wote. Shemeji akadai hakumbuki kitu kama hicho. Nikamwambia alikuwa chooni. Akaondoka na daftari lake, msomi wa watu! Nimepelekwa hospitali, nimetolewa damu vichupa vitatu.

Alhamisi, 13 Machi

Nyumbani msiba mtupu. Mke wangu kalia mpaka sauti imekauka. Mama mkwe kanitengea kikombe na kijiko, na sahani yangu anaisogeza kwa mti wa fagio. Shemeji akaja kumfafanulia mama yake kwamba mtu aliyepigwa na mionzi hamwambukizi mwenzake. Nani kamwita? Ndiyo kwanza nilikuwa naanza kupendwa! Mke wangu akanishika mkono, akauliza kama nitapona. Nikamwambia nitajitahidi. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Roho iliniuma, sifichi. Nilikaribia kabisa kumwambia ukweli. Akaniletea kuku mzima, peke yangu. Nikaghairi.

Ijumaa, 14 Machi

Fitina! Shemeji kazitoa picha za siku ile. Zote nne zinaonyesha bomba, kiungo, na juu yake kivuli cha beji yenye kibanio kilichofungwa waya. Kiwanda kizima mwenye kibanio cha waya ni mimi peke yangu. Bosi hata hakufoka. Akafungua droo, akatoa barua ya cheo. Ina jina langu! Akasema mtu wa sifuri miezi sita mfululizo ndiye anayejua kujikinga, ndiye alikuwa anamtaka. Akaichana mbele yangu, vipande vinne. Cheo kapewa shemeji. Sasa kama alikuwa anaitaka sifuri, si angesema? Kazi kuguna tu! Mke wangu alipoambiwa hakunigombeza. Nilitamani angefoka. Kachukua mto wake, kahamia chumba cha mama yake. Na kikombe changu bado kimetengwa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimehamishiwa stoo. Kazi yangu ni kukaa mbele ya kabati zinamohifadhiwa kamera za mionzi, vyanzo vikiwa ndani yake. Nimepewa beji mpya na miezi mitatu ya uangalizi. Shemeji, kwa sauti yake mpya ya msimamizi, kaniambia hapa stoo beji inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma ujinga mwingine, kazi sina. Mke wangu naye katuma salamu kupitia kwa mama yake: anasubiri majibu hayo hayo, mto wake hautarudi kabla. Kwa hiyo sifanyi mchezo. Nimekaa, nimetafakari kama mtu mzima. Ni nini kinachozuia mionzi? Madini ya risasi. Kabati hili lina kuta za risasi, nene kama kiganja changu. Nimeifungia beji humo ndani, nimeilaza katikati ya kamera mbili isije ikadondoka. Humo mionzi itapitia wapi?