Mkono wa Dhahabu na Ukuta wa Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Shangazi anataka mandhari mpya kwenye ukuta wa studio yake ya picha, nyuma ya viti vya wateja. Binamu, mwanawe, ameshaleta pazia la plastiki lenye maporomoko ya maji. Mchoraji wa mabango katika ukoo huu ni mimi, na nimeulizwa baada ya pazia. Dharau tupu. Nimemwambia Shangazi kwamba plastiki humetameta kwenye taa. Amenipa hadi Ijumaa, siku ya maharusi kuja kupigwa picha. Nikiboronga, pazia linapanda, nami narudi kuandika USIEGESHE HAPA kwenye mageti ya watu.

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda darasa la sanaa la jioni. Mwalimu, mama mpole mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, amesema mstari ni njia ya jicho. Uliolala hulituliza, wa mshazari hulikimbiza. Vitu vikijirudia huleta mdundo, kama ngoma. Na jicho lazima liwe na mahali pa kufikia: kitovu cha picha. Nikauliza kama mtu anaweza kukataa kukitazama. Akasema kikipangwa vizuri, hawezi. Hayo yamenitosha. Nilikuwa mlangoni alipoanza kueleza kwamba kitovu ni haki ya mwenye picha, si ya mchoraji. Hilo halinihusu.

Jumatano, 6 Machi
Kazi imenoga. Ngazi zinapanda kutoka pembe zote mbili za chini. Nguzo, pengo, nguzo, pengo, mdundo wenyewe. Vyote vinakimbilia mlango mwekundu katikati. Juu ya mlango kuna kibao cha manjano: MKONO WA DHAHABU, jina langu la kazi, na namba yangu ya simu. Kila mteja atabeba tangazo langu hadi sebuleni kwake, tena kwenye fremu. Kibao nimekifunika kwa gazeti. Shangazi nimemwambia rangi haijakauka. Binamu amepita, akachungulia chungulia, akasema mlango umependeza. Sifa ya hasimu si ya kuamini.

Ijumaa, 8 Machi
Maharusi wamekuja na ukoo mzima. Shangazi alipokuwa akimtengenezea bi harusi shela, nikabandua gazeti. Shangazi akiinama kwenye kamera huona nyuso tu, hajui kama kuna ukuta. Wakakaa chini ya kibao, wakatabasamu. Jioni picha zilishatumwa kwa jamaa wote. Nalala kama mfalme.

Jumamosi, 9 Machi
Simu imelia asubuhi. Nimeipokea kwa sauti ya kikazi. Kumbe ni bibi mzaa mama wa bi harusi, ananipongeza kwa kuoa. Anasema kila akiitazama picha, macho yanakwenda kwenye jina langu, na jina lenyewe zuri. Ila akauliza yule kijana aliyekaa ubavuni mwa mjukuu wake ni nani, mbona amemsogelea vile. Nilijaribu kueleza. Akasema nisione haya, nimwite Bibi. Nimemwita Bibi, kumkatalia mtu mzima ni utovu wa adabu.

Mchana akaja baba wa bwana harusi. Aliiweka picha juu ya kaunta. "Mama," akamwambia Shangazi, "nionyeshe mwanangu hapa."

Shangazi akavaa miwani. Niliona jicho lake likipanda ngazi, likipita nguzo, likitua. Mwalimu alisema kweli.

Hakunipandishia sauti. Afadhali angepandisha. "Mwanangu, watu wamekuja na siku yao," akaniambia, "wewe ukawapa siku yako."

Binamu alikuwa ameshakumbatia pazia lake. Shangazi akamgeukia, akamuuliza alikuwa akitafuta nini chini ya gazeti Jumatano. Kumbe alisoma kibao na kunyamaza ili niumbuke. Amri ikatoka: hakuna mlango, hakuna maporomoko. Ukuta upakwe rangi nyeupe, na tuupake wote wawili.

Jumapili, 10 Machi
Tumepaka. Binamu anapaka kama anayefuta meza, lakini leo sikuwa na uso wa kumkosoa mtu.

Jumanne, 12 Machi
Maharusi wamerudi kupigwa upya. Wamekaa mbele ya weupe mtupu, na kusema haki, walipendeza. Bi harusi alimcheka mumewe kidogo, mume akamwangalia, na sote tukawatazama wao tu. Shangazi amelainika, akanipakulia chakula. Masharti yake: nirudi darasani na nikae hadi mwisho.

Nimekaa hadi mwisho. Somo la leo lilikuwa nafasi tupu. Mwalimu amesema doa dogo likiachwa peke yake kwenye weupe, jicho hulikimbilia kuliko kitu kingine chochote.

Nikapitia studioni kutazama ukuta. Mweupe, laini, kutoka kona hadi kona. Haujawahi kuwa tayari namna hii. Nimeosha brashi yangu nyembamba kuliko zote. Herufi zitakuwa ndogo mno. Shangazi akiuliza, nitamwambia ni nzi.