Achari ya Siku Sita

Jumatano, 6 Agosti

Nimeanza! Ndoo nzima ya matango madogo, mtungi wa udongo, maji ya moto, sahani juu yake. Baada ya siku sita nitakuwa na achari tamu. Nitaipeleka kwenye ibada ya tarehe 17; ibada zetu huzunguka nyumba kwa nyumba, na zamu hii ni ya Saloma Hershberger, mjane mwenye macho ya upole na zizi zuri. Alipata kusema kwamba mwanamume asiyeweza kujitengenezea achari ni wa kuhurumiwa. Nilidhani ananitazama mimi. Ura, jirani yangu, mgane kama mimi, alidhani anatazamwa yeye. Juzi kampelekea gunia la mahindi. Mahindi! Nani hana mahindi?

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwaga maji, nimetia mengine ya moto. Matango yamekuwa na rangi ya soksi kuukuu. Daftari la marehemu mke wangu linasema ndivyo yanavyotakiwa. Ura kapita dirishani mara mbili, ananusanusa. Nikamwambia nafua nguo. Akasema, "Tangu lini wewe ukafua Ijumaa?" Kweli, hapa watu wote hufua Jumatatu. Nikafunga dirisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Balaa! Nimehesabu kwa vidole, kisha kwa kalenda. Siku ya tano, ya kuyamwagia shira ya siki na sukari, ni kesho. Jumapili, siku ambayo kwetu kazi ni mwiko! Kukamua ng'ombe ruhusa, kahawa ruhusa, achari hapana. Nikichelewa siku moja matango yatalegea, nami siwezi kumpelekea Saloma matango malegevu. Nimeyakata vipande leo. Shira nitaichemshia kwenye birika la kahawa. Nani atajua?

Jumapili, 10 Agosti

Leo si Jumapili ya ibada, ni ya kutembeleana. Ura kaja saa tatu asubuhi. Shira inatokota, nyumba nzima yanuka siki na karafuu. Nikasema ni dawa ya tumbo. "Pole sana, ndugu yangu," akasema, akavuta kiti. "Haya, inywe ingali moto." Nikanywa kikombe. Akanimiminia cha pili. Mtu huyu hana huruma! Alipoondoka nikayamwagia matango kilichobaki. Sasa tumbo linauma kweli.

Jumatatu, 11 Agosti

Ura amemwambia Saloma kwamba mimi ni mgonjwa na siku zangu zinahesabika. Alitaka kunimaliza, kumbe kanisaidia! Saloma kaja na supu ya kuku. Nikalala, nikakohoa, ingawa ugonjwa ni wa tumbo. Nusu saa ya raha tupu.

Kisha akaenda jikoni kutafuta kijiko, akauona mtungi. Akauliza matango yaliingia majini lini. Nikasema Jumatano. Akahesabu siku kwa vidole, akafika Jumapili. Nikajua nimekwisha: atamwambia shemasi, au mbaya zaidi, hatakanyaga tena hapa. Nikaungama yote: birika, vikombe viwili, na kwamba achari ni kwa ajili yake.

Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Mahlon wewe! Unadhani kwa nini ni ya siku sita? Unaanza Jumatatu, unamaliza Jumamosi!" Miaka thelathini na moja mke wangu aliitengeneza mbele ya macho yangu. Saloma akachemsha shira mpya, akajaza chupa mwenyewe. Mlangoni akasema, "Ukitaka kuja kwangu, njoo tu. Huhitaji mtungi wala ugonjwa." Mchana wote sikutulia kwa furaha.

Jumapili, 17 Agosti

Ibada kwa Saloma. Wanaume mezani kwanza: mkate, siagi ya karanga, achari yangu katikati. Mhubiri kala vipande saba. Ura kala vitano, akauliza ni ya nani. Saloma, akipita na kahawa, akasema, "Ya Mahlon," na akatabasamu. Ura akaacha kutafuna. Nikatazama sahani yangu kwa unyenyekevu mkubwa. Kiburi ni dhambi, lakini nilikuwa na furaha, sitadanganya.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeyafikiria sana maneno ya Saloma. Nije tu! Mtu mzima afike kwa mwanamke bila sababu yoyote? Ura atasemaje? Nitapita kesho mchana. Nimelegeza nati ya gurudumu la nyuma la gari langu la farasi, na nimepima vizuri: litachomoka hasa mbele ya lango lake.