Barua Tatu za Kumsifu Luciana

Jumatatu, 2 Juni

Upepo tangu alfajiri. Alizeti mpya zimeingia, mashine yangu ya kukamua inanguruma vizuri, na mimi ni mume mwenye raha. Nilikuwa, mpaka Luciana alipotoka nje na kompyuta yake akakaa juu ya gunia la mashudu.

Mke wangu hakai juu ya magunia. Nikazima mashine. Akasema Bi Ingrid anastaafu, anakwenda kufuga nyuki.

Lazima nieleze, maana siku moja wajukuu watasoma. Kila kompyuta ina kiini, ile programu ya ndani kabisa inayoamka kwanza na kuziamuru nyingine zote. Kiini anachoshughulikia Luciana hakina tajiri mmoja, ni cha watu wote. Ukiona kimetoboka unashona kiraka, unakituma, wenzako wanakikagua. Wanakiita kiraka kweli! Na kiini huongea. Kikiamka huandika: nimeiona diski, nimeiona feni, hapa pana joto, hapa naumwa. Sehemu inayoyaandika maneno hayo ndiyo wanayoitunza wao. Mtunzaji mkuu ni Bi Ingrid, mama mtu mzima wa nchi za baridi. Wasaidizi wake ni Luciana, hapa Unyambwa, na bwana mmoja wa Amerika ya Kusini aitwaye Osvaldo. Hawajawahi kuonana ana kwa ana, lakini wanajuana kuliko mimi ninavyowajua ndugu zangu.

Jumamosi Bi Ingrid atamtaja mrithi. Nikamwuliza Luciana ameiombaje nafasi. Akasema hajaomba wala hataomba, kazi itasema. Kazi ina mdomo? Osvaldo muda huu yuko magotini anaomba!

Akanitazama kwa jicho lile ninalolijua. "Meki, naomba usifanye kitu."

Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wote. Wazo lilikuja baadaye kidogo, wakati wa kufunga magunia.


Jumanne, 3 Juni

Wazo lenyewe: mtu hajisifu. Mume naye akimsifu mke, watu watasema ni mapenzi. Lakini wakijitokeza wengine, watu wazito, wasiohusika?

Nimewaumba watatu. Profesa Eliya wa Mungaa. Mhandisi Peniel wa Manyoni. Sista Anastasia wa zahanati, sikusema ipi. Kila mmoja nimempa anwani yake ya barua pepe. Nimeandika kwa Kiswahili safi, simu ikatafsiri Kiingereza, nikatuma kwenye kundi lao linalosomwa na kila mtu. Profesa amesema tangu Luciana aanze kuutunza ujumbe wa kiini, kompyuta za Mungaa hazifi ovyo. Mhandisi amesema viraka vyake havifumuki. Sista amesema ujumbe wake ukisomeka wodini, hata wagonjwa hupata nafuu.

Huyo wa mwisho labda nilizidisha. Lakini nimempenda sana Sista.

Simu haikuweza kutafsiri "Shikamoo", ikaiacha kama ilivyo kwenye barua zote tatu. Si neno. Heshima haijawahi kumdhuru mtu.

Jirani yangu Frank, mwenye mashine ya kukamua iliyo kubwa kidogo tu kuliko yangu, alipita kunijulisha kwamba mkewe Catherine amepewa ofisi yenye feni ya dari. Nikatabasamu. Subiri Jumamosi, Frank.


Jumatano, 4 Juni

Asubuhi, ushindi! Luciana aliziona barua. Alikuja jikoni mbio, mkono mdomoni. Akanisomea zote, barua zangu mwenyewe, na mimi nikashangaa mahali pa kushangaa. Akasema miaka yote hii amedhani hapa nyumbani hakuna hata mmoja anayejua anachofanya. Watu wa kanisani humwuliza kama bado "anachezea kompyuta". Kumbe Mungaa hapo kuna profesa! Alicheka peke yake akisonga ugali. Sijamwona hivyo tangu harusi.

Mchana, balaa. Osvaldo amemjibu Profesa. Kwa adabu, lakini amejibu! Anashukuru, anauliza Profesa anatumia toleo gani la kiini, na kama anaweza kutuma ujumbe wa mwisho ulioandikwa kabla kompyuta hazijafa. Sikujua kwamba ukimsifu mtu kwenye kundi lile utaulizwa maswali.

Profesa akajibu: toleo la mwaka huu. Osvaldo akauliza la mwezi gani. Nikajibu la Mei, nikatuma, nikagundua nimetumia anwani ya Sista.

Bi Ingrid akaingia. Akauliza kwa nini Sista anamjibia Profesa.

Jasho. Nikasimama kwenye mlango wa banda, upepo wote wa Singida unanipiga, na bado jasho. Nikaona njia moja tu. Mhandisi Peniel akaliandikia kundi kwa masikitiko kwamba Profesa Eliya amefariki ghafla, hivyo wasimwulize tena.

Kimya kikarudi. Nimetulia. Wakati mwingine akili yangu inanitisha mimi mwenyewe.


Alhamisi, 5 Juni

Sikujua kwamba watu wa viraka wana huruma.

Rambirambi zimemiminika tangu asubuhi. Kutoka nchi ambazo sijui ziko upande gani. Bi Ingrid amemwandikia Luciana mahsusi, kwa kuwa marehemu alikuwa wa mkoa wake. Na Luciana, kwa sababu ni mke niliyemwoa na si mtu mwingine, akampigia simu shangazi yake Esta, aliyeolewa Mungaa, amwakilishe msibani.

Nilisema labda wameshazika. Akasema ndiyo maana inabidi kuwahi.

Shangazi Esta alijifunga kanga akatoka. Alizunguka Mungaa nzima. Alipita kwa mwenyekiti wa kijiji, akapita kanisani, akapita msikitini kwa tahadhari. Alikuta msiba mmoja, wa bibi kizee, akalia pale kwa kuwa alishafika. Mchana alipiga simu akiwa amechoka. Akasema Mungaa haina profesa, wala haijawahi kuwa naye. Mwalimu mkuu anakaribia, lakini ni mzima na amemkasirikia kwa kuulizia maiti yake.

Luciana akakata simu polepole. Hapohapo ikaingia barua ya Osvaldo, ya siri, kwake peke yake. Ameona kwamba barua zote tatu zimetoka kwenye mtandao uleule zinakotoka barua za Luciana. Yaani nyumba hii. Akasema kwenye kundi lao kujitungia watu ni kosa la kufukuzwa. Hatalisema yeye. Anaomba Luciana amwambie Bi Ingrid mwenyewe, kabla wengine hawajagundua.

Inauma sana adui anapokuwa muungwana.

Luciana aliigeuza kompyuta nione. Hakupandisha sauti.

"Meki. Profesa Eliya ni nani?"

Nikasema ni mimi.

"Na Sista?"

"Na Sista."

Nilitegemea atapiga kelele. Ningeshukuru. Akatoka nje akasimama pembeni ya mashine, mgongo kwangu, kitambaa kinapepea. Nilipomfuata nikaanza kueleza habari ya cheo, kwamba nilitaka akipate. Akasema jana hakucheka kwa ajili ya cheo.

"Nilidhani kuna mtu," akasema. "Nilidhani hapa karibu kuna mtu anayeona."

Mimi! Nimeandika barua za watu watatu, nikakosa neno langu moja.

Baadaye nikamwambia nitaandika barua nyingine, kwa jina langu, atafsiri yeye badala ya simu. Akakubali bila kunitazama. Nikawa nasema, yeye anachapa:

"Mimi ni Melkizedeki, mume wa Luciana, mkamuaji wa alizeti. Profesa, Mhandisi na Sista wote ni mimi. Profesa hajafa, kwa sababu hakuzaliwa. Luciana hakujua lolote. Aliniambia nisifanye kitu, nami nikafanya. Kazi yake siielewi. Ila naona anavyoifanya. Mashine ikifa huko mbali, wengine huuliza nani alaumiwe. Yeye hukaa siku nzima akiuliza ilitaka kusema nini. Hata mimi nikiharibu, hunifanyia hivyo."

Vidole vyake vikasimama. Akasema hiyo ya mwisho haitafsiri, watu wale hawaandikiani hivyo. Nikasema basi aiache.

Akaichapa. Akatuma.


Ijumaa, 6 Juni

Kundi kimya. Hakuna hata neno. Nimekamua gunia moja nikamwaga chini karibu yote.

Frank alikuja na habari kwamba feni ya Catherine ina spidi tano. Nikashindwa kujizuia, nikamwambia mke wangu yuko mbioni kutunza maneno ya kompyuta za dunia nzima. Akauliza kama wanampa gari. Nikasema huwezi kuelewa, Frank. Akasema kwa hiyo hawampi.

Luciana kaendelea na kazi kana kwamba bado ana kazi. Nimemletea chai mara nyingi kuliko inavyohitajika. Ya mwisho akanikaribisha nikae, akanionyesha. Nadhani ndivyo msamaha wenyewe ulivyokuja, bila jina.

Akaeleza hivi. Kompyuta moja ina bongo nyingi, na kalamu ya kuandikia ujumbe ni moja. Mashine inapokata roho, ubongo mmoja umeshika kalamu na umezimia nayo. Mwingine unajua kinachoziua, lakini unangoja kalamu kwa adabu. Unangoja mpaka zote zinakufa, na neno la mwisho halitoki. Osvaldo anashikilia kwamba kalamu isinyang'anywe, maandishi yatachanganyikana. Luciana anasema saa ya kufa acha yachanganyikane, bora yatoke. Wamebishania jambo hilo mwaka mzima. Kiraka chake kiko tayari, alikituma leo asubuhi, katikati ya aibu yote ile.

Nikamwuliza kwa nini leo, watu wakiwa wamemkasirikia. Akasema kuna mashine zinakufa leo.

Nimeenda kukaa peke yangu kwenye banda kidogo. Vumbi la mashudu liliingia machoni.


Jumamosi, 7 Juni

Majibu!

Osvaldo ndiye aliyeanza. Alichukua kompyuta yake mwenyewe, akakiweka kiraka cha Luciana, kisha akaiua makusudi. Akaandika kwa kundi kwamba maneno mawili yalichanganyikana, lakini la mwisho lilitoka. Akaandika: "Imesema." Akaandika pia kwamba amekuwa akikosea mwaka mzima, na kwamba haitaki kazi hii kama Luciana hayumo.

Nilimchukia mtu huyu siku tano. Namtafutia lita ya mafuta, sijui posta wanapeleka huko.

Kisha Bi Ingrid. Mama huyu haandiki maneno mengi. Amesema barua za uongo ni jambo zito na zisirudiwe. Ameisoma ya mume, na hana swali. Kisha: kuanzia leo watunzaji ni wawili, Osvaldo na Luciana.

Nikapiga kelele mpaka kuku wa Frank wakaruka ukuta. Nikamwinua Luciana. Akacheka akisema nimshushe, nina mafuta mikononi. Tukaisoma tena pamoja, yeye kwa sauti.

Ndipo nikaona. Jina la Osvaldo limetangulia.

Nikamwuliza kama ni kwa ajili ya zile barua. Kama mimi ndiye niliyemrudisha nyuma.

Akasema hapana, wala nisifikirie. Akasema ni utaratibu wa herufi tu, majina hupangwa kwa alfabeti.

Nikasema aa, kumbe.

Nilienda nyuma ya nyumba nikaikariri yote polepole, kuanzia a. L. M. N. O. Nikarudia.

Nikaingia ndani nikaosha vyombo vyote, hata visafi.


Jumapili, 8 Juni

Kanisani tumekaa viti vya mbele. Mama mmoja akamwuliza Luciana kama bado anachezea kompyuta. Luciana akasema ndiyo, anaendelea vizuri. Basi! Hilo tu! Niliuma ulimi mpaka mwisho wa ibada.

Njiani akanishika mkono. Akasema anaomba jambo moja: wiki ya kimya. Asitajwe na mtu, asisifiwe na mtu, afanye kazi. Nikasema kabisa, mke wangu. Nimejifunza. Nikamwuliza tu, kwa kupita, cheo chake kwa Kiswahili sahihi kinaandikwaje, na kama "kiini" ni i mbili au moja. Akatabasamu akanieleza vizuri, neno kwa neno. Ana moyo safi, hashuku.

Lazaro mchora mabango alianza jana jioni. Ubao ni mpana kuliko mlango wa banda. Utakaa barabarani, mkabala na kwa Frank, nguzo nimeshachimbia nikasema ni za kuanikia. Luciana atauona kesho asubuhi akifungua dirisha. Rangi nyekundu, herufi kubwa kama mbuzi. Mtunzaji wa Maneno ya Kiini, Dunia Nzima.

Lazaro aliuliza kama kuna majina mengine ya kuandika. Nikamwambia yapo, la Osvaldo. Aliweke chini, dogo. La mke wangu litangulie.